Uliza Fundi: Pedali hairudi, resi imenasa

Barua za resi kunasa safari hii zimekuja nyingi kuliko hata za breki. Nimechagua nne ambazo kwa mbali zinafanana lakini ugonjwa ni tofauti kabisa, ndio maana nimeziweka pamoja. Waliouliza "niongeze springi gani" wasome ya kwanza, jibu lao liko humo.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya zamani ya petroli, kabureta, gia za mkono, resi yake ni ya kebo. Kama wiki tatu hivi nikiachia pedali injini inaendelea kuunguruma kama bado nimekanyaga. Nikipenyeza ncha ya kiatu chini ya pedali nikainyanyua, inarudi na injini inatulia. Fundi wa kwanza akaniongezea springi, wa pili akaongeza nyingine, sasa pedali imekuwa ngumu mpaka goti linauma na bado inanasa mara mojamoja. Wa tatu kaniambia nimwagie oili kwenye waya. Spana naweza kushika, nielekeze tu nianzie wapi. — Goti Linauma

JIBU: Marahaba Goti. Kwanza kabisa hilo gari liegeshe mpaka tumalize, maana kitu kinachonasa "mara mojamoja" siku moja kitanasa ukiwa nyuma ya basi lililosimama. Na kwa wote wanaosoma, ikikunasia ukiwa kwenye mwendo kanyaga klachi au weka gia nyutro, injini itapiga kelele kama inataka kuruka nje lakini iache ipige, halafu kanyaga breki mara moja kwa nguvu na uishikilie hapohapo, usipampu. Busta ya breki ya gari la petroli, kile chombo kinachouongezea mguu wako nguvu, inakula vakyumu (mvuto wa hewa) ya injini na resi ikiwa wazi vakyumu hiyo hakuna, unabaki na akiba iliyomo ndani ya busta, ukipampu mara mbili tatu umeimaliza na pedali ya breki inakuwa jiwe. Swichi zima ukishasimama, maana kuna watu wanazungusha funguo mpaka mwisho gari likiwa bado linaenda na usukani unajifunga.

Sasa turudi kwako. Umesema kitu kimoja bila kujua kwamba ni kikubwa, kwamba ukinyanyua pedali kwa kiatu resi inarudi. Kebo ni kama kamba, inajua kuvuta tu, kusukuma haiwezi, au tuseme inasukuma kidogo sana. Kwahiyo kama kingekuwa kimenasa kile kisahani cha ndani ya kabureta, kile mafundi tunakiita batafulai, ungenyanyua pedali mpaka uchoke na ingekuja juu tupu imelegea huku injini inaendelea kupiga kelele. Kwako inatulia. Maana yake kilichokuwa kinashikilia ni pedali yenyewe au kebo humo njiani, na kabureta yako huenda haina kosa lolote, yani mafundi wawili wamefunga springi kwenye kitu kizima kwa ajili ya kitu kibovu kilichoko nusu mita pembeni. Angalizo, hesabu hii ni ya kebo tu. Magari ya zamani zaidi yenye fito za chuma badala ya kebo, fito inasukuma vizuri tu, kwahiyo kunyanyua pedali hakukuambii chochote.

Hakikisha kwa mkono. Injini imezimwa, funguo umetoa, boneti wazi. Mtu akae ndani akanyage taratibu mpaka chini halafu aachie taratibu, na hapa kwenye kuachia ndipo watu wanapokosea, wanaachia pap, springi inarudisha kwa kishindo na kila kitu kinaonekana kizima. Kunasa kunaonekana ukiachia polepole. Wewe angalia ule mkono wa kabureta unaoshikwa na kebo, unatakiwa urudi mpaka ugonge skrubu ya silensa (silensa ni ule mwendo wa chini wa injini mguu ukiwa nje ya pedali), tik, bila kusita njiani. Ukisita, ichomoe kebo kwenye huo mkono na uuzungushe kwa vidole. Ukiwa mlaini na unarudi wenyewe, kabureta iko huru na tunahamia upande wa kebo. Chomoa na upande wa pedali sasa, kebo ibaki peke yake, shika ncha moja vuta, shika nyingine vuta. Kebo iliyo nzima inateleza mpaka unahisi kama hamna kitu humo ndani. Mbovu inakwaruza, ina sehemu inasita, na mkono unaihisi kabla jicho halijaona.

Halafu chukua kitambaa cha pamba, kizungushe kwenye waya pale unapotokea mdomoni mwa ganda, pitisha kwenda na kurudi. Nakuwekea dau kitambaa kitashika nyuzi. Zile kebo zimesukwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, uzi mmoja ukikatika hausikii tofauti yoyote, lakini kile kipande kilichokatika kinalala kama unyoya wa kuku waya ukienda upande mmoja, ukirudi kinasimama na kujichomeka mdomoni mwa ganda kama ndoano. Ndio maana ukikanyaga inaenda vizuri na ukiachia inakwama. Na sasa fikiria zile springi za wenzangu, zinavuta kwa nguvu kuupitisha huo uzi, nyuzi jirani zinasagwa, kesho zimekatika tatu, keshokutwa sita. Springi haijatibu kitu, imeharakisha tu. Zitoe zote mbili za nyongeza, rudisha zile za kiwandani.

Na za kiwandani zikiwa mbili usitoe moja eti inatosha. Marekani wana kanuni ya usalama namba 124, ya tangu 1973, inayotaka kuwe na angalau vyanzo viwili vya nguvu ya kurudisha resi, kimoja kikikatika kingine kirudishe, na kwa gari lisilozidi kilo 4,536 irudi kwenye silensa ndani ya sekunde 1 tangu mguu utoke kwenye pedali. Hata kama gari lako halikutengenezwa kwa kanuni hiyo, mantiki yake ni ileile, springi ya pili ipo kwa ajili ya siku ya kwanza itakapokufa.

Oili je? Mimi mwenyewe nilishawahi kuimwaga, ujana huo, kebo ikawa tamu siku nne, ya tano ikanasa kuliko mwanzo kwasababu oili ilikusanya vumbi ikageuka uji mweusi ndani ya ganda. Kebo nyingi zina bitana ya plastiki laini ndani ya ganda, zimetengenezwa ziende kavu. Kebo iliyokwishakatika nyuzi hata uiogeshe haiponi, nunua nyingine basi. Ukifunga mpya ipitishe kwenye kona pana, isipinde kama kiwiko, na iwe mbali na ekzosi, maana ganda likiungua linabana waya kwa ndani na kwa nje unaona doa dogo tu la kuyeyuka. Rudisha na vile vibanio vyote vya njiani, vipo kwa sababu. Acha mchezo kidogo kwenye kebo pedali ikiwa juu, isivutwe tight, halafu fungua iya klina (chujio la hewa) mwambie mtu akanyage mpaka sakafuni (injini imezimwa bado) na uchungulie, batafulai isimame wima kabisa na pedali igote kwenye sakafu au stopa yake wakati huohuo. Kama batafulai imeshafika mwisho na mguu bado unashuka, kila siku utakuwa unaining'inia kebo mpya kwa uzito wa mwili wako na tutaandikiana tena barua.

Kabla ya yote hayo lakini, nyanyua mkeka. Sitanii. Mkeka uliosogea mbele na kukalia ncha ya pedali, au pini ya pedali iliyoshika kutu kwasababu maji ya viatu yanadondokea hapohapo, dalili zake ni zilezile za kwako na dawa yake ni dakika kumi na grisi kidogo.

SWALI: Fundi yangu ni kinyume. Hainasi ikiwa wazi, inanasa ikiwa imefungwa. Nikitaka kuondoka pedali inagoma, nikiongeza nguvu inaachia ghafla na gari linaruka kama chura, abiria wananiangalia vibaya. Ni injekta sio kabureta. — Chura

JIBU: Chura, wewe ugonjwa wako ni utando. Moshi wa oili kutoka tumboni mwa injini unarudishwa kwenye njia ya hewa ukachomwe, na ukipita kwenye throtoli bodi (ile nyumba ya batafulai kwenye gari la injekta) unaacha masizi yanayonata pembezoni mwa batafulai. Usiku injini ikipoa yale masizi yanakuwa gundi. Toa mpira wa hewa, mulika tochi, fungua batafulai kwa kidole, utaona mstari mweusi umezunguka mdomo wa ndani pale sahani inapokaa ikijifunga.

Safisha na dawa ya kusafishia throtoli na kitambaa laini, kwenye kona mswaki uliochoka unafaa. Usichukue bisibisi ukaanza kukwangua, throtoli bodi nyingine zina rangi maalumu ya kiwandani ndani, ukiikwangua umeongeza tatizo, na chuma kilichokwanguliwa ndio kitashika masizi haraka. Pulizia dawa kwenye kitambaa kuliko kuijaza mle ndani maana inaingia kwenye sensa ya throtoli na kwenye mota ya silensa na hizo hazipendi kuogeshwa. Ukimaliza usishangae silensa ikiwa juu. Mara nyingi kuna mtu huko nyuma alikuta silensa iko chini kwasababu ya uchafu, badala ya kusafisha akapandisha skrubu, sasa uchafu umetoka na skrubu yake imebaki.

Na ukiwa hapo shika mkono wa throtoli uutikise juu chini. Ukicheza sana, shafti (kile kifimbo kinachobeba batafulai) imekula matundu yake, hewa ya wizi inaingia na batafulai inakaa upande na kuchimba ukuta, hapo kusafisha kutakupa nafuu ya muda tu. Vile viskrubu viwili vinavyoshika sahani usivifungue bila sababu ya maana. Kiwandani wanavipondaponda ncha ili visifunguke, na ukivifungua ukavirudisha hivihivi, siku kimoja kikidondoka kinaenda moja kwa moja kwenye silinda.

SWALI: Mzee wangu habari. Nimefanya kila kitu, kebo mpya, kabureta imesafishwa, springi mpya, ikiwa imesimama resi inarudi safi kabisa. Lakini nikipanda mlima na mzigo nikaachia mguu inabaki juu sekunde kadhaa, mara nyingine inavuta yenyewe kabisa. Mafundi wanasema naota. — Siota

JIBU: Huoti. Na nakuonea huruma kwasababu gari la namna hiyo lilinitesa siku tatu nzima, kwenye gereji nililipima kila upande likawa halina ugonjwa, namkabidhi mwenyewe, anarudi kesho yake na uso umevimba. Siku ya tatu nikamwambia panda wewe endesha, mimi nikabaki nje boneti ikiwa wazi, hendibreki juu, mawe kwenye matairi, akatia gia akaachia klachi kidogo tu injini ivute. Nikaona injini nzima inainuka upande mmoja kama mtu anayenyanyua bega. Mauntingi, ile mipira yenye chuma inayoshikilia injini kwenye gari, ilikuwa imeachana, mpira kule chuma huku, ikiwa imesimama uzito wa injini unaikalia na huoni kitu.

Sasa injini ikiinuka, pedali imefungwa kwenye bodi ambayo haiinuki, kilichoko katikati lazima kivutwe. Gari lenye fito za chuma ndio baya zaidi, injini inainuka, fito inafungua resi, resi inaongeza nguvu, nguvu inainua injini zaidi. Sio hadithi, mwaka 1971 General Motors iliita yarudi kutengenezwa magari milioni 6.7 ya Chevrolet ya miaka ya 1965 hadi 1969, pikapu zikiwemo, kwa ugonjwa huohuo wa mauntingi, na dawa waliyotoa ilikuwa kufunga waya wa chuma wa kuizuia injini isiinuke.

Kwako, ukipima kama nilivyopima mimi usisimamishe mtu mbele wala nyuma ya gari, na isizidi sekunde mbili tatu. Au bila kuwasha, weka jeki na kipande cha mbao chini ya injini (sio kuisukuma sampo, lile bakuli la oili, katikati, utaibonyeza) nyanyua taratibu uone kama mpira unaachana na chuma. Mauntingi zibadilishe zote za mbele kwa pamoja, nzima iliyobaki imeshabeba mzigo wa mwenzake muda mrefu.

Niongezee na hili kwa wale ambao resi ilianza kunasa mara tu baada ya sevisi, maana zimekuja barua tatu za hivyo na jibu ni moja. Angalieni nati ya iya klina. Watu wanaikaza na spana kama nati ya tairi, mdomo wa juu wa kabureta unapinda kidogo tu usiloweza kuona, sahani ya choki, ile inayobana hewa injini ikiwa baridi, inabanwa haifunguki vizuri injini ikipata moto, na choki isipofunguka ile kamu yake ya ngazi inashikilia resi ya asubuhi siku nzima. Nati hiyo ni ya vidole. Vivyo hivyo bolti za chini za kabureta, zikazwe kidogokidogo kwa mshazari, ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine kitako kinapinda na shafti inabana. Na gasketi ya chini ikiwa si yake, kingo inachungulia ndani na batafulai inaigota. Resi kuwa juu asubuhi injini ikiwa baridi peke yake sio ugonjwa lakini, choki ndio kazi yake, ikipata moto unagusa pedali inashuka.

SWALI: Hayo ya petroli. Lori langu ni dizeli ya pampu ya zamani, jana nimeachia mguu ikabaki juu, nikazima swichi ikakataa kuzima. Nilikimbia nje. — Nilikimbia

JIBU: Kukimbia hujakosea sana. Dizeli za zamani nyingi hazina batafulai, mguu wako unazungusha leva ya pampu ya mafuta na gavana ya ndani (kidhibiti mwendo) ndio inagawa mafuta. Kwahiyo kipimo ni kilekile, injini imezimwa, chomoa kebo kwenye leva ya pampu. Leva ikirudi yenyewe mpaka stopa, rudi kwenye jibu la Goti, kebo na pedali. Kebo na pedali zikiwa nzima, leva inarudi vizuri lakini injini inabaki juu, kilichonasa kiko ndani ya pampu, na hapo spana weka chini mpelekee fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, zile sili za pampu zikishakatwa na mtu asiye na mashine hakuna anayejua tena inamwaga kiasi gani.

Ila wewe umesema swichi ilikataa, na hilo linanipa wasiwasi mwingine. Inawezekana ni solenoidi ya kuzimia mafuta, ile swichi ya umeme inayokata mafuta kwenye pampu, imekufa, hiyo ni ndogo. Inawezekana pia injini ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe, turbo imevujisha au oili imezidi ikaingia kupitia njia ya hewa, na injini ya dizeli haijali, oili kwake ni mafuta pia. Mulika ndani ya mpira wa hewa unaotoka turbo kwenda injini, kukiwa na utando tu wa oili ni kawaida, kukiwa na dimbwi usiliwashe tena. Pima na kijiti cha oili, ikiwa juu ya alama na inanuka dizeli, pampu au nozeli zinavujia chini.

Ikitokea tena na unaendesha gia za mkono, gari likiwa limesimama tia gia kubwa kabisa, kanyaga breki yote, achia klachi, injini inakabwa na kufa. Ikishindikana inabaki kuinyima hewa, ubao bapa mpana kuliko mdomo wa njia ya hewa, unaugandamiza pale na kusubiri. Mkono usiweke, wala kitambaa, kitambaa kinanyonywa chote. Na kama injini imeshaanza kulia kwa sauti ya juu sana na moshi umejaa, usisogee tena pembeni yake, fanya ulivyofanya jana. Ubao wenyewe ukate leo, ujaribu kwenye huo mdomo injini ikiwa imezimwa uone unaziba, halafu ukae nyuma ya kiti cha dereva, sio kule chini ya turubai na mizigo.